Tawe ya Edinah, Nahi ya Champa

Edinah Nakhungu alimwacha mume wake siku ya soko la Kachibora, tena saa za watu wengi, kwa makusudi. Hakutaka kuondoka kwa kunyatia kama mwizi. Alipita katikati ya soko amejitwika kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa leso, mkono mmoja umekishikilia, mwingine umebeba kikapu cha nguo. Wanawake waliokuwa wakipanga kabichi walimwuliza, "Edinah, unapelekea fundi mashini?"

"Fundi ni mimi," akawajibu bila kusimama. "Naipeleka mahali itafanya kazi."

Mumewe, Mukhisa, alikuwa mkulima wa mahindi. Walikaa pamoja miaka mingi bila kujaliwa mtoto, na mwishowe Mukhisa akaoa mke wa pili. Hilo Edinah alilimeza. Wengi wamelimeza kabla yake. Lililomkwama kooni ni lile la siku aliyorudi kutoka shambani akakuta cherehani yake, ambayo mamake mzazi alimnunulia kabla ya kufariki, imehamishiwa nyumba ya yule mdogo. Mukhisa hakuona ubaya. "Mikono yako ni ya jembe," alimwambia. "Mwache mwenzako naye ajifunze." Soko lililofuata, Edinah alikuwa barabarani.

Kitale aliazima miguu ya cherehani, akapata nafasi kwenye veranda ya duka la vitambaa la Champa, mjane wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sunny, kwa jina la mwanawe. Champa alizaliwa mji huohuo, akaolewa mji huohuo, na Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili cha Kitale, cha kuuzia na cha kugombania. Mpango ulikuwa rahisi: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje na kupimwa na fundi. Mafundi walikuwa kadhaa hapo verandani, lakini Edinah ndiye aliyekuwa akiimba. Alipokanyaga pedali, cherehani ilitoa mdundo wake, naye akaufuata bila kujua.

*Umeniita kwa simu, tawe.*
*Umemtuma shemeji, tawe.*
*Umeleta mchungaji, umeleta na mbuzi,*
*mbuzi ale majani, mimi tawe.*

Tawe ni neno ambalo mtu wa Bungoma, kama Edinah, hulijua kabla hajaota meno. Ni hapana, sitaki, usirudie kuniuliza. Na mambo ya wimbo hayakutungwa. Mukhisa kweli alituma shemeji, kweli alituma mchungaji, na mbuzi kweli alifungwa siku nzima kwenye nguzo ya veranda ya Champa akila vipande vya kitambaa.

Aliyeutoa wimbo hapo verandani ni Kipyegon, kijana mwembamba mwenye studio ndogo nyuma ya duka moja la mbolea. Alileta suruali ipunguzwe miguu. Akasimama akisubiri, kisha akaacha kuangalia simu yake.

"Madhe," akamwita, kama vijana wa mjini wanavyoita mama, "hiyo ngoma ni ya nani?"

"Ngoma gani? Mimi nashona."

"Hiyo unaimba. Hebu rudia kutoka kwa mbuzi."

Akarudia. Kipyegon akasahau suruali. Jumamosi hiyo Edinah alijikuta studioni, amezungukwa na magodoro yaliyopigiliwa ukutani, na cherehani yake imeletwa kwa mkokoteni kwa sababu Kipyegon alishikilia kwamba bila ile pedali hakuna wimbo. Alirekodi mdundo wa pedali kwanza, sauti baadaye, akaongeza gitaa na besi. Kazi ilipoisha alivua kofia, akasema, "Hii ni moto, bana."

Hakukosea. Kabla mahindi hayajafika magotini, "Tawe" ilikuwa inapigwa kwenye vinyozi na vibanda vya simu kutoka Kitale hadi Bungoma. Wanawake wa sokoni waliwajibu kanjo, askari wa baraza la mji, kwa neno hilo. Mwalimu mmoja alipiga simu redioni kulalamika kwamba darasa zima lilimjibu "tawe" alipowapa kazi ya nyumbani. Na huko Kachibora, watoto wa shule walijificha kwenye mahindi wakimsubiri Mukhisa apite na baiskeli, kisha wakaangusha kibwagizo.

Simu ilikuja pia kutoka Mabanga, nyumbani kwao Edinah karibu na mji wa Bungoma. Ilikuwa ya babake, Mzee Walubengo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita waumini na ulimi uliochanganya l na r.

"Nakhungu, umereta nini hii kwa redio?"

"Ni wimbo, papa."

"Wimbo ni wa kanisa. Hii ni aibu. Mimi nirikura ng'ombe ya mahari ya huyo mtu. Usikanyage hapa mpaka urudi kwa bwana yako. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Alisema amesikia. Hakusema atarudi.

*

Mbugua alikuja na gari jeusi kutoka Nairobi, viatu vyake vikiogopa tope la Kitale. Kazi yake ilikuwa kuandaa tamasha na kukuza wanamuziki. Alisimama mbele ya veranda, akamwangalia Edinah aliyekuwa na pini mdomoni, akauliza, "Huyu ndiye?"

Habari aliyoleta ilimfanya Edinah ateme pini. Ngari, yule msanii ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango ya kila mji, alitaka kuimba naye rimiksi ya "Tawe". Angekuja mwenyewe Kitale. Wangetumbuiza pamoja, na nchi nzima ingemjua.

Edinah alifurahi, tena sana. Asikudanganye mtu kwamba alianza na mashaka. Alijishonea gauni la kitenge lenye mabega yaliyoinuka, akasuka nywele, akawaaga mafundi wenzake kama mtu anayepanda ndege. Champa alitoka ndani na kipande cha lesi, akakiweka shingoni mwa lile gauni, akakiangalia kwa jicho moja. "Weka hii hapa," alisema. "Hiyo shingo iko tupu."

Ngari hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia kwa heshima, akakaa kwenye kreti ya soda studioni mwa Kipyegon bila kulalamika, akasifu cherehani. Kisha akasogelea kipaza sauti na kuimba ubeti wake, na sauti yake ilikuwa nzuri kama ilivyo redioni.

*Mama watoto, hasira zimeisha,*
*nyumba inakuita, watoto wanalia,*
*leo unasema tawe,*
*kesho utasema ndiyo.*

Edinah aliusikiliza hadi mwisho. Mikono yake, ambayo haikuzoea kukaa bure, ilishika upindo wa gauni.

"Sasa wewe, mama," Mbugua akasema, "unamalizia na maneno mawili tu. Unasema, 'Haya, nakuja.' Polepole, kwa sauti tamu. Halafu muziki unaisha."

"Watoto gani?" Edinah akauliza.

"Nini?"

"Wimbo unasema watoto wanalia. Mimi sina mtoto. Ni watoto gani wanalia?"

Ngari alimgeukia Mbugua. Ilionekana hakuambiwa. Mbugua akacheka kidogo. "Si ni wimbo tu, mama. Watu wanataka mwisho mzuri."

"Mzuri kwa nani?"

"Kwa soko. Wanaume nao wananunua muziki. Sasa unataka wimbo mzima uwe wa kukataa, kukataa, kukataa? Ni maneno mawili tu nakuomba."

"Wimbo wenyewe ni neno moja," Edinah akasema. "Hayo yako mawili yatalimeza."

Ngari alijaribu kutuliza. Alisema pengine ubeti ungebadilishwa kidogo. Mbugua hakumwacha amalize. Alimwambia Edinah kwamba yeye ni fundi wa nguo tu, kwamba kabla ya mavuno redio zitakuwa zimemsahau, kwamba wasichana wenye sauti wamejaa Nairobi na yeyote kati yao anaweza kusema "nakuja". Edinah akasimama.

"Basi mtafute huyo. Mwambie pia anunue cherehani."

Kipyegon alibaki ameinamia mitambo yake mbele ya wageni. Gari jeusi lilipoondoka ndipo alipolipuka. "Madhe, umenimaliza! Unajua nimengoja hii kitu kutoka lini? Maneno mawili!"

"Ungetaka niseme?"

"Ningetaka niende Nairobi!" Akafunga mlango wa studio, akamwacha Edinah nje na mkokoteni wake.

Usijiulize kama alijuta. Alijuta usiku huo na usiku uliofuata. Alijua vizuri alichokitupa. Lakini kila alipojaribu kuyatamka yale maneno mawili peke yake chumbani, ayaonje tu, ulimi ulikataa.

*

Mbugua alitimiza ahadi yake. Rimiksi ilitoka, ikiwa na Ngari na msichana fulani ambaye Edinah hakupata kumjua. Mdundo uliigwa kwa kompyuta. Mwishoni msichana alisema "Haya, nakuja" kwa sauti ya asali, na redio zikaipenda.

Watu nao hawachunguzi sauti. Wateja walianza kumtania Edinah. "Si tulisikia umerudi?" Muuza maziwa alimpa pongezi. Edinah alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, halafu akachoka kueleza, akawa anakanyaga pedali tu, kimya, bila wimbo. Champa aliyekaa kwenye kaunta ndani aliinua kichwa mara kadhaa akatazama nje, kama mtu anayehisi saa ya ukutani imesimama.

Ndipo Mukhisa alipokuja.

Alikuja adhuhuri, amevaa koti la harusi, na ami yake upande mmoja na shemeji yule wa zamani upande mwingine. Safari hii hapakuwa na mbuzi. Alisimama barabarani chini ya veranda, akazungumza kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, maana alitaka watu wote wasikie.

"Edinah, nimekuja kukuchukua. Funga vitu."

"Nani amekwambia nafunga vitu?"

"Si redio imesema? Umesema mwenyewe unakuja. Kachibora yote imesikia. Nyumba imefagiliwa."

Cherehani zote verandani zilinyamaza. Waendesha boda boda walizima pikipiki zao. Edinah alimwangalia huyu mwanaume, akaona kwamba hakuja kwa mapenzi, wala si kwa ubaya hasa. Amechoka kuchekwa, basi. Karibu amwonee huruma. Kisha akaona jicho lake linatembea, linaipima cherehani, linatafuta njia ya kuibeba.

Akainuka. "Mukhisa, yule si mimi. Mimi ulinisikia mara ya kwanza. Jibu langu ni lilelile. Tawe."

"Usiniaibishe mbele ya watu, mwanamke."

"Wewe ndiye umekuja na watu. Tawe!"

Na watu wa barabarani, ambao walikuwa wameshika pumzi, wakaitikia kwa pamoja, "Tawe!" kama wanavyoitikia wimbo. Yule ami akashika kofia yake. Mukhisa akapanda ngazi ya kwanza ya veranda, mkono umenyooka kuelekea cherehani.

Hapo ndipo sauti nyingine ilipotoka mlangoni. "Nahi!"

Alikuwa Champa, na futi ya mbao ya kupimia vitambaa mkononi. Kimo chake kilimfikia Mukhisa kifuani. "Nahi!" akarudia, hapana ya Kigujarati, na mara ya tatu akaivuta, akaipandisha juu, ikageuka wimbo mdomoni mwake bila yeye kupanga. Ilikuwa sauti iliyokwaruza kidogo kwa kutotumika, lakini haikuyumba. "Hu nahi jau! Siendi! Hata huyu haendi! Hapa ni duka yangu. Toa mguu kwa ngazi yangu."

Mukhisa akatoa mguu. Watu wakapiga miluzi. Msichana wa duka la simu jirani alikuwa amerekodi yote, na kabla ya jioni mji mzima ulikuwa umeona Mama Sunny akiimba na futi.

Walipobaki wawili, Edinah alimwuliza, "Mama Sunny, ulijifunzia wapi kuimba?"

Champa alikaa juu ya stuli ya mteja. Alisimulia akiwa ameangalia barabara. Alipokuwa msichana, alisema, hakukuwa na harusi ya Wahindi Kitale bila yeye kuongoza nyimbo za wanawake. Alipoolewa, baba mkwe akasema sauti ya mke haitoki nje ya jikoni. Basi haikutoka. Mume alipofariki, mashemeji walikuja kutoka Kisumu na lori, wapakie majora ya vitambaa na mjane pamoja. "Walisema, Champa, wewe utakaa kwetu, chumba iko tayari. Nilisema nahi. Walirudi na bibi zao, nikasema nahi. Lakini nilisema polepole, kwa mlango, watu wasisikie." Akaiinua ile futi, akaitazama. "Leo nimesema kwa nguvu. Kifua yangu inauma, lakini inauma vizuri."

Asubuhi iliyofuata Kipyegon alikuwa kwenye ngazi, kofia mkononi, macho chini. "Madhe, nilikukosea," alimwambia Edinah. "Ile ya Nairobi nimesikiza. Haina damu." Kisha akachungulia ndani ya duka. "Na huyu mama... anaweza kurudia ile kitu alifanya na futi?"

*

Champa alikubali kurekodi; aliyekataa ni mwanawe, Sunny. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuogopa maneno ya watu kuliko wezi. Alimwambia mamake kwamba watachekwa hekaluni, watachekwa sokoni, kwamba mwanamke wa umri wake haimbi na vijana wa mtaani kuhusu waume waliokataliwa. Alipoona mamake anaendelea kukunja vitambaa tu, akatoka verandani akamwambia Edinah, bila kumtazama usoni, ahamishe cherehani yake mwisho wa wiki.

Edinah hakusubiri mwisho wa wiki. Alifungua skrubu, akatenganisha kichwa na miguu, akakunja leso iwe kata. Alikuwa amebeba hicho kichwa kabla ya hapo, angekibeba tena. Ameinama kukiinua ndipo Champa alipomwekea mkono begani.

"Rudisha hiyo skrubu." Kisha akamgeukia mwanawe, akaongea Kiswahili ili mafundi wote waelewe. "Sunny, baba yako aliacha hii duka kwa jina ya nani?"

"Yako, mama."

"Na veranda iko ndani ya duka ama iko nje?"

"Mama, mimi nakulinda tu."

"Nimelindwa mpaka nimesahau kuimba," Champa akasema. "Sasa imetosha. Jumapili utafungua mlango ya nyuma, huyu Kipyegon aingize mashini yake. Kama wewe utaona haya, kaa nyumbani."

Walirekodia dukani, maana Kipyegon alipopiga makofi katikati ya rafu za vitambaa aligundua sauti inatulia kuliko kwenye magodoro yake. Edinah alikaa kwenye cherehani, Champa akasimama kati ya majora ya satini na pamba. Edinah aliimba beti zake kama mwanzo. Ilipofika zamu yake, Champa aliimba kwa Kigujarati: kwamba lori limekuja na kamba, kwamba chumba kimefagiliwa, kwamba shemeji ana maneno matamu, na kila mstari ulimalizwa na nahi. Kisha wakaimba pamoja, tawe na nahi zikipokezana, pedali ikienda mbio chini yao. Mara ya kwanza Champa alikosa pumzi akacheka. Mara ya pili alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya sari, akataka waendelee. Sunny alikuja, hatimaye. Alisimama karibu na mlango wa nyuma muda wote, mikono mfukoni, na hakuna aliyemwuliza lolote.

*

Rimiksi yao ilienea polepole, kwa simu, mkono kwa mkono. Redio za Nairobi hazikuipiga. Ila ujumbe ulikuja kutoka Mabanga: kikundi cha wanawake wakulima kilikuwa na maonyesho kwenye chuo cha kilimo, na walitaka Edinah na yule mama wa nahi wawaimbie.

Mabanga ilikuwa palepale alipokatazwa kukanyaga. Edinah aliwajibu kwamba atakuja.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Kulikuwa na mahema, ng'ombe wa maziwa waliooshwa wakang'aa, mbegu zimepangwa kwenye meza, na katika safu ya mbele ya viti, Mzee Walubengo na suti yake ya kijivu, kwa kuwa ni yeye aliyefungua shughuli kwa maombi. Alimwona binti yake akipanda jukwaani. Hakusogeza hata kidole.

Mshereheshaji alimnong'oneza Edinah, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na wote wakasikia: "Mama, uimbe ile ya kurudi. Ile ya Ngari. Wazee wako hapa, tafadhali."

Edinah akakishika kipaza sauti. "Mulembe," akawasalimu watu wa kwao, nao wakaitikia. "Naambiwa niimbe wimbo ambao si wangu. Huo sikuuimba Kitale, na siwezi kuuimba nyumbani kwetu, mbele ya baba yangu, kwa sababu ni uongo, na yeye hakunifundisha uongo. Nitaimba wangu."

Akaanza. Walipofika ubeti wa mbuzi, spika zikazimwa. Nani aliyezizima haikujulikana. Mwenye mitambo aliangalia mawingu. Edinah aliendelea na koo lake tupu. Champa, aliyevaa sari ya kijani na viatu vya raba, akaanza kupiga makofi ili kushika mdundo, na wanawake wa kikundi waliokuwa nyuma ya meza za mbegu wakaushika. Waliokuwa mbali hawakusikia maneno. Walisikia tu majibu, tawe na nahi, yakipanda na kushuka, na wakajiunga. Wazee wengine walitikisa vichwa kwa hasira na wengine kwa mdundo. Wimbo ulipoisha, kiti cha Mzee Walubengo kilikuwa kitupu.

"Nyumbani kwenu ni mbali?" Champa akauliza, akijipepea.

"Ni hapo tu. Lakini nimekatazwa."

"Wewe umekatazwa. Mimi nimekatazwa?"

Edinah alimtazama, akaanza kutabasamu. Wakaenda.

Mzee Walubengo aliwakuta wamesimama getini. Alifungua mdomo, akamwona mgeni, mwanamke mzee, amechoka, kutoka mbali. Mtu wa Bungoma anaweza kumfukuza binti yake, mgeni hamfukuzi. Akafungua geti lote. Aliwakaribisha kwa ukali, akaamuru kuku akamatwe.

"Mzee, pole," Champa akasema. "Mimi sikuli nyama. Tangu kuzaliwa."

Kukataliwa kuku katika boma lake hakukuwahi kumpata mzee. "Hata firigisi?"

"Hata hiyo."

"Hata supu?"

Champa akatikisa kichwa. Mzee alisimama, hajui akasirike vipi. Halafu, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwanamke mwingine wakati huo, alichukua kikapu mwenyewe akaingia bustanini na suti yake ya kijivu kuchuma kunde na mrenda. Edinah akasonga ugali wa wimbi. Walikula wote watatu. Mzee alimwuliza Champa kuhusu duka, kuhusu mvua za Kitale, na mwishowe, akichezea tonge, akauliza, "Ile kwa rugha yako, unasema nini?"

Champa akamweleza habari za lori na kamba. Mzee alisikiliza. "Waritaka kukubeba na vitambaa?" akauliza.

"Pamoja."

"Hiyo si heshima," Walubengo akasema. Kisha akamgeukia binti yake, kama aliyejinasa. "Lakini wewe sijakubali."

"Sikuja kuomba ukubali, papa," Edinah akasema. "Nimekuja kukusalimia."

Ya Ngari inapigwa mpaka leo, tena kwa wingi; hilo halikubadilika. Mukhisa anaishi na mke wake, na watoto wa Kachibora wamepata mtu mwingine wa kuchokoza. Kipyegon hajaenda Nairobi, ila watu wa Bungoma na hata Cheptais wanakuja hadi Kitale kwake wakitaka sauti ya "dukani". Champa ameimba harusi mbili, na ya pili Sunny ndiye aliyempeleka.

Edinah huenda Mabanga Jumapili anapopata nafasi, hupitia getini, mchana. Babake humwambia maneno yaleyale kila anapomwona: "Sijakubali." Kisha huingia ndani kumtolea kiti.